Bahari kupanda na ardhi kutitia ni mambo mawili

Kila Jakarta inapofurika, habari zetu huja na maelezo yaleyale: bahari imepanda, mji unazama, ndiyo maana Indonesia inajenga mji mkuu mpya. Maelezo hayo yanachanganya mambo mawili, na lile linaloachwa nje, ardhi kutitia, yaani kushuka, ndilo lililouumiza mji ule zaidi.

Maana yenyewe ni fupi. Usawa wa bahari unapanda kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu huyeyuka ikaingia baharini. Setilaiti hupima kimo hicho kwa kukilinganisha na kitovu cha dunia. Kipimo kilichosimikwa gatini, kama vile Kilindini au bandari ya Unguja, hupima kitu kingine: tofauti kati ya maji na ardhi kilikochimbiwa. Ardhi ikishuka sentimita 1, kipimo kitasoma kwamba maji yamepanda sentimita 1, hata kama bahari haikuongezeka. Ndiyo maana wapimaji hufunga GPS jirani na kipimo, wajue kipi kimesogea. Stockholm, Sweden, mambo ni kinyume: ardhi inainuka tangu ilipotuliwa mzigo wa barafu ya kale, na kipimo chake kwa zaidi ya karne kimekuwa kikionyesha maji yakishuka.

Sasa Jakarta. Kwa hesabu za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, bahari duniani ilipanda wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Vipimo vya ardhi ya Jakarta vya kuanzia 1982 hadi 2010 vilionyesha mji ukititia sentimita 1 hadi 15 kwa mwaka, kutegemea mtaa. Bahari kwa kasi yake ingehitaji miaka 40 kufikisha sentimita 15. Mitaa iliyotitia vibaya, hasa kaskazini, ilishuka kiasi hicho ndani ya mwaka 1.

Chanzo kikubwa ni visima virefu. Maji ya bomba hayawafikii wote, kwa hiyo viwanda, hoteli na maghorofa yalichimba hadi kwenye matabaka ya mchanga yaliyo chini ya udongo wa mfinyanzi. Maji ya mchangani yakivutwa, kani yake hupungua, na maji yaliyo ndani ya mfinyanzi hukamuliwa taratibu kuelekea huko. Mfinyanzi uliokamuliwa hushindiliwa na uzito ulio juu yake, majengo yakiwemo. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili: ukifunga pampu, mchanga unaweza kujaa maji tena, lakini mfinyanzi haurudi kimo chake, na huendelea kutitia kidogo kidogo kwa miaka kadhaa.

Mji wa namna hiyo hauhitaji dhoruba ili ufurike. Siku za bamvua, Mombasa na Zanzibar maji huachana zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa, na watu wa pwani wamejenga wakilijua hilo. Jakarta tofauti ni kama mita 1 tu. Mtaa uliokuwa juu kidogo ya maji kujaa ukititia mita 2, bahari ya siku ya kawaida iko juu ya barabara yake. Muara Baru, mtaa wa kaskazini mwa Jakarta, ndivyo ilivyo: ukuta umezuia bahari, nyumba ziko chini ya usawa wa maji, na msikiti wa Wal Adhuna, uliobaki nje ya ukuta, umesimama majini. Ukuta wenyewe umejengwa juu ya udongo uleule, nao unashuka. Mitaro haiwezi tena kumwaga baharini kwa mteremko, lazima maji yapampiwe. Januari 2013 kituo cha pampu cha mtaa jirani wa Pluit chenyewe kilifurika, na mtaa huo ukakaa majini siku kadhaa.

Tokyo ilipita hapohapo. Sehemu za wilaya ya Koto zilititia zaidi ya mita 4. Sheria za 1956 na 1962 zilibana uvutaji wa maji ya chini viwandani na kwenye majengo, na kufikia miaka ya 1970 kutitia kulikuwa kumepungua sana. Hakuna sheria ya nchi moja inayoweza kuituliza bahari hivyo.

Bahari nayo haikosi lawama: makadirio ya IPCC kwa mwaka 2100 ni kati ya sentimita 28 na mita 1 hivi juu ya kimo cha mwanzoni mwa karne ya 21, kutegemea hewa ukaa tutakayotoa, na kila sentimita inajumlishwa juu ya ile iliyotitia. Wala Jakarta si kielelezo cha kila pwani. Mwamba wa matumbawe wa Mombasa na Unguja haukamuliki kama mfinyanzi. Visima vya pwani ya Dar es Salaam vikivutwa kupita kiasi, dalili inayojulikana ni maji kuingia chumvi.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, “Jakarta inatitia huku bahari ikipanda” inatosha, na inachukua nafasi ileile kwenye kichwa cha habari.