Anayeipenda hii ataipenda na ile? Dhana potofu kuhusu kupendekeza tamthilia za Kikorea

Mdogo wangu alipomaliza kutazama Mr. Queen, aliniletea ombi ambalo kila mpenzi wa tamthilia za Kikorea amewahi kulipokea: "Dada, nitafutie nyingine kama hii." Nilimjibu papo hapo. Nilimpa Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo, kwa kuwa niliamini kisa ni kilekile: mtu wa zama zetu anazama majini, roho yake inazinduka ndani ya mwili wa mwanamke wa karne zilizopita, na kabla hajajua yuko wapi amekwisha kunaswa katika fitina za jumba la kifalme. Siku nne baadaye alirudi macho yamevimba kwa kulia, akaniuliza kwa uchungu kwa nini sikumwonya. Tangu hapo nimekuwa nikitafakari namna tunavyopendekezeana tamthilia hizi, na nimeona kwamba makosa yetu mengi yanatokana na dhana chache tunazozirudia bila kuzichunguza.

Dhana: Kisa kikifanana, tamthilia zinafanana

Kisa ni chombo tu, na chombo kimoja kinaweza kupakuliwa vyakula visivyokaribiana ladha hata kidogo. Katika Mr. Queen, iliyorushwa kuanzia mwaka 2020 hadi 2021, roho ya mpishi wa kiume wa ikulu ya rais wa Korea Kusini inaingia katika mwili wa malkia wa enzi za Joseon, ufalme wa kale wa Korea. Kicheko kinatokana na mwanamume anayelazimika kuvaa, kutembea na kulala kama malkia, na wokovu wake unatoka jikoni, kwa sababu ni kwa mapishi ndipo anapoulainisha moyo wa malkia mkongwe mwenye mamlaka juu ya wote. Katika Scarlet Heart Ryeo ya mwaka 2016, msichana wa leo anazindukia Goryeo, ufalme uliotangulia Joseon, mwaka 941, miongoni mwa wana wa mfalme Taejo, na kadiri anavyokumbuka historia aliyosoma ndivyo anavyotambua kwamba mmoja wa vijana anaowapenda atakalia kiti cha enzi kwa jina la Gwangjong huku mikono yake ikiwa na damu. Kujua yajayo kunamwelemea kama mzigo usioweza kutuliwa. Zote mbili zimetokana na kazi za Kichina, zote mbili zina sehemu 20, na bado anayeitafuta ya kwanza ili acheke hatasamehe kupewa ya pili.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa msichana anayejifanya mvulana, kisa ambacho Wakorea wamekirudia mara nyingi na ambacho hupendekezwa kwa mafungu, kana kwamba tamthilia zake ni nguo za mtumba wa belo moja. Katika Coffee Prince ya mwaka 2007, Go Eun-chan anakubali kudhaniwa mvulana kwa sababu ana familia ya kulisha na mgahawa ule wa kahawa unaajiri wanaume tu. Vazi lake linaficha shida ya ujira. Katika Sungkyunkwan Scandal ya mwaka 2010, Kim Yoon-hee anachukua jina la mdogo wake wa kiume na kuingia katika chuo ambacho wanawake wa Joseon hawakuruhusiwa kukanyaga. Vazi lake linaficha kiu ya elimu. Katika The King's Affection ya mwaka 2021, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy, binti mfalme aliyezaliwa pacha, na ambaye kwa sababu hiyo aliamriwa kuuawa akiwa mchanga, anashika nafasi ya kaka yake kama mrithi wa kiti. Huyu akivuliwa vazi lake anapoteza uhai wake pamoja na uhai wa wote waliomficha. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu tamthilia ya pili ya aina hii, inafaa kujiuliza ni nini hasa kinachofichwa na lile vazi. Aliyevutiwa na mabishano ya wawili katika mgahawa mmoja anaweza kuchoshwa na woga wa kasri, na aliyevutiwa na woga wa kasri ataona mgahawa ni mchezo wa watoto.

Nikirudi kwa mdogo wangu, nilimuuliza baadaye swali nililopaswa kumuuliza mwanzoni: ulicheka wapi? Akajibu bila kusita: "Jikoni." Hapo nikampa Bon Appétit, Your Majesty ya mwaka 2025, ambamo mpishi wa leo, safari hii mwanamke katika mwili wake mwenyewe, anatupwa Joseon na kulazimika kumpikia mfalme dhalimu. Hakuna roho inayohama mwili humo, wala mwanamume aliyevaa gauni, lakini ndiyo iliyokuwa jirani wa kweli wa ile aliyoipenda.

Dhana: Mfuate steringi, hutakosea

Steringi, kama tulivyozoea kumwita mhusika mkuu tangu enzi za mikanda ya video, ndiye anayeonekana kwenye picha ya tangazo, na kwa hiyo tunamshika yeye. Lakini mtu aliyempenda Song Hye-kyo akiwa daktari anayechumbiwa na mwanajeshi katika Descendants of the Sun ya mwaka 2016 ataduwaa akikutana naye katika The Glory, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2022, akiwa mwanamke mwenye makovu ya kuchomwa na wanafunzi wenzake, aliyeutoa ujana wake wote kuandaa kisasi.

Mahali pa salama zaidi pa kutazama ni jina la mwandishi. Tamthilia nyingi za Korea huandikwa na mtu mmoja au wawili kutoka sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, jambo linaloifanya sauti ya mwandishi isikike katika kazi nzima. Mchukue Park Ji-eun. Katika My Love from the Star ameweka mwigizaji maarufu wa kike mlango kwa mlango na kiumbe aliyetoka sayari nyingine. Katika The Legend of the Blue Sea amemtoa nguva baharini na kumkabidhi kwa tapeli wa mjini. Katika Crash Landing on You, mrithi wa kike wa familia tajiri ya Seoul anapeperushwa na upepo hadi Korea Kaskazini na kuangukia mikononi mwa afisa wa jeshi. Hata Queen of Tears ya mwaka 2024, isiyo na kiumbe wa ajabu wala mpaka wa nchi, imemleta mume aliyezaliwa kijijini katika nyumba ya mabilionea, ambako anakaa kama mgeni aliyetoka mbali kuliko yule wa sayari nyingine. Mwandishi huyu anauliza swali moja mara kwa mara: mtu anapendwaje na asiyezijua desturi za kwao? Aliyeguswa na swali hilo katika moja ataguswa nalo katika nyingine, hata kama mmoja ana mapezi na mwingine ana bunduki.

Hata hivyo, jina la mwandishi nalo lisigeuzwe hirizi. Descendants of the Sun na The Glory zote zina kalamu ya Kim Eun-sook, ingawa ya kwanza aliiandika pamoja na mwenzake.

Dhana: Tajiri mwenye moyo wa barafu ni yuleyule kila mahali

Dhana hii inawadhulumu wahusika wenyewe. Gu Jun-pyo wa Boys Over Flowers, tamthilia ya mwaka 2009 iliyotokana na katuni za Kijapani, ni mwonevu aliyelelewa bila kukemewa. Akimpa mwanafunzi kadi nyekundu, shule nzima inamwandama mnyonge huyo. Kim Tan wa The Heirs, aliyeigizwa na mtu yuleyule, Lee Min-ho, miaka minne baadaye, ni mtoto aliyepelekwa Marekani ili asimsumbue kaka yake katika urithi, na ubabe wake wa zamani unamfedhehesha. Lee Young-joon wa What's Wrong with Secretary Kim ni mtu anayejipenda hadi kioo kinachoka, lakini majivuno yake yamejengwa juu ya tukio la utotoni analolificha. Mmoja anahitaji kufundishwa adabu, wa pili anahitaji kwao, wa tatu anahitaji kusema alichokificha. Anayekuambia "napenda yule tajiri mkali" bado hajakuambia anachopenda.

Kosa hili linakuwa zito zaidi pale aina ya mhusika inapokuwa hali ya mwili au akili. Extraordinary Attorney Woo na Move to Heaven zote zina kijana mwenye usonji, na mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja. Ya kwanza ni ya mahakamani, yenye kesi mpya karibu kila sehemu na nyangumi wanaopita angani kila wakili Woo anapopata wazo. Ya pili inamhusu kijana anayesafisha vyumba vya marehemu na kukusanya katika sanduku vitu vinavyosimulia maisha yao. Mtu aliyefiwa karibuni asipewe Move to Heaven kwa sababu tu alifurahia nyangumi.

Dhana: Za kale zote ni za mapanga na farasi

Shangazi yangu aliipenda Jumong kwa dhati, sehemu zake zote 81. Alipopeleka flashi kwenye banda la kuingizia muvi akaomba nyingine ya kale, kijana wa pale alimwekea Kingdom, kwa hoja kwamba nayo ina wafalme na mapanga. Ina wafalme, ni kweli, lakini ina pia maiti zinazoinuka usiku na kula watu, na shangazi hakulala vizuri juma zima. Alichokipenda yeye kilikuwa kukua kwa kijana anayedharauliwa na wakuu wa kasri la Buyeo hadi anapoanzisha dola ya Goguryeo. Mtu wa namna hiyo apewe Queen Seondeok, ambamo binti mfalme aliyekulia ugenini anarudi kudai nchi, au Six Flying Dragons, inayosimulia kuzaliwa kwa dola ya Joseon. Aliyempenda Jang-geum wa Jewel in the Palace, yule msichana wa jikoni anayepanda kwa ustadi wa mikono yake hadi kuwa tabibu wa mfalme, amfuate mwongozaji Lee Byung-hoon hadi Dong Yi, kwani huyo ndiye bingwa wa visa vya mtu wa chini anayeinuka kwa kazi.

Dhana: Mfululizo wenye jina moja ndio ufuatao

Reply 1997, Reply 1994 na Reply 1988 zina waandaaji walewale na fumbo lilelile la nani atakuwa mume wa mhusika mkuu wa kike, na aliyenogewa na fumbo hilo azitazame zote bila wasiwasi. Lakini wengi walioipenda Reply 1988 hawakuipenda kwa ajili ya fumbo. Waliipenda kwa ajili ya kichochoro cha Ssangmun-dong, mtaa wa Seoul wanakoishi wahusika. Mapema kabisa katika tamthilia hiyo, saa ya chakula cha jioni, mama mmoja anamtuma mtoto apeleke bakuli kwa jirani. Jirani hakubali bakuli lirudi tupu, anatia chake. Watoto wanapishana njiani na vyombo mikononi, wananung'unika, wanatumwa tena, hadi kila meza imejaa vyakula vya nyumba zote. Mtu wa pwani akiliona hilo hahitaji tafsiri, kwa sababu amewahi kubeba kombe la futari lililofunikwa kawa hadi nyumba ya pili, na akarudishwa na kombe lenye tambi.

Mtazamaji wa namna hiyo simpi tena fumbo la mume. Ninampa When Life Gives You Tangerines ya mwaka 2025, inayopita vizazi katika kisiwa cha Jeju, na ninamwambia awasubiri wale wazee wenye nyumba wanaoongeza mchele kimyakimya katika chombo cha mama kijana aliyeishiwa, ili asubuhi akifunua asikute patupu.