Kinachoviua viwanda vya betri vya Ulaya ni seli mbovu

Northvolt, kampuni ya Sweden ya kutengeneza betri za magari ya umeme, ilipoomba kufilisiwa nchini kwake tarehe 12 Machi 2025, ilikuwa imeshakusanya takriban dola bilioni 15 za mitaji, mikopo na misaada ya serikali tangu ianzishwe mwaka 2016. Miezi minne kabla ya hapo, ilipokimbilia mahakama ya Marekani kujikinga na wadai, ilibaki na dola milioni 30 taslimu, za kujiendesha kama wiki moja hivi, huku ikidaiwa dola bilioni 5.84.

Tangu wakati huo, kila anayejua kwamba mimi ni mhandisi wa elektrodi, yaani sehemu chanya na hasi za betri, ananiuliza ilikuwaje, na mara nyingi anakuja na jibu lake mkononi: umeme wa Ulaya ni ghali, au Wachina wanauza kwa bei ya kutupa. Yote mawili yana ukweli. Ripoti ya Septemba 2024 ya Mario Draghi, aliyewahi kuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, ilionyesha kwamba viwanda vya Umoja wa Ulaya vinalipia umeme mara mbili hadi tatu ya wenzao wa Marekani, na gesi asilia mara nne hadi tano. Mwenye kiwanda cha amonia au alumini Ujerumani akilalamika, msikilize. Lakini kiwanda kikuu cha Northvolt kilikuwa Skellefteå, kaskazini mwa Sweden, eneo lenye mabwawa mengi ya kuzalisha umeme, ambako bei yake ni miongoni mwa za chini kabisa barani. Huko umeme haukuwa kisingizio. Kiwanda kilishindwa kutoa seli nzima kwa wingi, na hilo ndilo watunga sera wengi wa Ulaya hawakulipigia hesabu.

Tuingie ndani ya kiwanda kidogo. Seli ya betri ya gari huanzia kwenye uji mzito: unga wa nikeli, kobalti na manganizi kwa upande chanya, au wa kinywe, yaani grafiti, kwa upande hasi, uliokorogwa na gundi na kiyeyushi. Uji huo unapakwa juu ya foili ya alumini au ya shaba. Foili ya shaba ina unene wa mikroni 10 (sehemu moja ya mia ya milimita) au chini ya hapo, kwa hiyo ukiivuta vibaya kidogo tu inachanika au kukunjamana. Inapita ndani ya tanuri lenye urefu wa makumi ya mita, ikitoka imekauka inabanwa na rola, inakatwa, inapangwa au kuviringishwa, inafungiwa ndani ya kopo, halafu inajazwa elektroliti, kimiminika kinachopitisha chaji kati ya pande mbili. Hatua kadhaa kati ya hizo hufanyika ndani ya chumba kikavu kiasi kwamba hewa yake haiwezi kutoa umande mpaka ipoe chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Humo hata pumzi ya binadamu ni tatizo, kwa hiyo idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia kwa pamoja ina kikomo. Ukitoka humo midomo imepasuka.

Seli ikishajazwa, inachajiwa taratibu kwa mara ya kwanza, kisha inawekwa rafuni siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili au zaidi, ili ionekane kama inavujisha chaji yenyewe. Hapo ndipo penye kazi. Kosa lililofanyika Jumatatu kwenye tanuri linaweza kugundulika baada ya wiki mbili, na muda wote huo mtambo umekuwa ukiendelea kurudia kosa lile lile, mchana na usiku. Unatupa maelfu ya seli, tena zikiwa na nikeli na lithiamu uliyokwisha kuilipia. Sehemu kubwa ya gharama ya seli ni malighafi, kwa hiyo kila seli mbovu ni pesa inayoondoka na lori la taka.

Fanya hesabu nyepesi. Chukua hatua kumi zinazofuatana, kila moja ikifaulu kwa asilimia 98. Ukisikia 98 unaona mambo si mabaya, lakini mwishoni unabaki na seli nzuri kama asilimia 82. Shusha kila hatua hadi asilimia 95, unabaki na 60 tu. Viwanda vilivyokomaa vya China, Korea Kusini na Japani viko juu ya asilimia 90 mwisho wa mstari, na vilifika huko kwa kula hasara miaka mingi, kwanza kwenye betri za simu na kompyuta, ambako soko lilikuwa linasamehe. Northvolt ilitaka kuruka hatua hiyo na kuanza moja kwa moja na BMW na Volkswagen, wateja wasiosamehe. Mitambo mingi ilitoka China na Korea Kusini, maelekezo yake yakiwa ya lugha za huko, na mafundi wenye uzoefu walikuwa wachache. Wakati huo huo uongozi ulikuwa ukitangaza viwanda vipya Ujerumani na Canada. Juni 2024 BMW ilifuta oda ya euro bilioni 2, kwa kuwa mzigo haukufika kwa wakati. Mimi nisingeilaumu BMW.

Sasa sera ya viwanda inaingiaje? Muungano wa Betri wa Ulaya ulizinduliwa Oktoba 2017, na tangu hapo fedha nyingi za umma zimeelekezwa kwenye ujenzi. Januari 2024 Tume ya Ulaya iliidhinisha msaada wa Ujerumani wa euro milioni 902 kwa kiwanda cha Northvolt cha Heide: milioni 700 za ruzuku na milioni 202 za dhamana. Ulikuwa msaada wa kwanza wa aina yake, uliokusudiwa kuzuia mradi usihamie Marekani. Kando ya huo, benki ya serikali ya Ujerumani, KfW, ilikuwa imeikopesha kampuni karibu euro milioni 600. Jengo lenye dari refu na shimo la msingi ni vitu ambavyo waziri anaweza kwenda kupigia picha. Seli nzuri zikipanda kutoka asilimia 55 hadi 70 ya zote, hakuna picha ya kupiga.

Wamarekani, kwa sheria yao ya Agosti 2022, walifanya jambo ambalo kwangu lina akili zaidi: dola 35 kwa kila kilowati-saa ya seli iliyozalishwa na kuuzwa. Huuzi, hulipwi. Ruzuku ya namna hiyo inamlazimisha mwenye kiwanda kuhangaika na tanuri lake badala ya kuhangaika na mkutano wa waandishi wa habari. Ulaya imeanza kusogea. Desemba 2025 Tume ilitangaza euro bilioni 1.8 kwa ajili ya betri, na kati yake bilioni 1.5 ni mikopo isiyo na riba kwa wazalishaji wa seli. Ni hatua, lakini mkopo bado ni mkopo. Kiwanda kinachotupa theluthi ya seli zake hakiokolewi na riba ya sifuri, kinapewa muda tu.

Ushuru nao? Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya uliongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3 kwa magari ya umeme yanayotoka China, juu ya ule wa asilimia 10 uliokuwepo. Unayazuia magari, lakini watengenezaji wa seli wenyewe wameshaingia ndani. CATL, kampuni ya betri ya China yenye makao makuu Ningde, inazalisha Arnstadt, Ujerumani, tangu mwisho wa 2022. Inajenga Debrecen, Hungaria, kwa zaidi ya euro bilioni 7, na Zaragoza, Hispania, kwa ubia na kampuni ya magari ya Stellantis, mradi wa euro bilioni 4.1. Malighafi nayo hupitia kwao: kobalti inayochimbwa Kolwezi, Kongo, husafishwa zaidi China kabla ya kufika Ulaya. Ndiyo maana hoja ya Kinshasa na Dodoma kwamba madini yaongezewe thamani nyumbani inasikilizwa Brussels kuliko zamani, ingawa kiwanda cha kusafishia nacho kina seli zake mbovu za aina nyingine.

Mwaka 1984 Volkswagen ilisaini ubia Shanghai, na kwa miongo iliyofuata China iliwadai Wazungu ubia kama nauli ya kuingia sokoni. Wahandisi wa Kichina walikaa kando ya wa Ulaya hadi wakajua. Leo baadhi ya maofisa wa Ulaya wanataka kuidai China nauli ile ile, na naunga mkono. Ila China inaujua mchezo huo vizuri: Julai 2025 iliweka leseni kwa usafirishaji wa teknolojia ya kutengeneza sehemu chanya ya betri za chuma na fosfeti, na Zaragoza itatengeneza betri za aina hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye mkataba wowote wa ubia wa namna hiyo, idadi ya ajira si kitu ambacho ningeanza nacho. Ningetafuta kifungu kinachosema nani anaruhusiwa kubadilisha joto la tanuri bila kupiga simu Ningde.