Je, Wajua? Kwa Nini Mche wa Kwanza Huungua na wa Mwisho Hukosa Chakula

Ingia kwenye kitalu nyumba cha nyanya pale Kigoma, chenye mashine inayolisha mimea yenyewe. Karibu na tangi, ncha za majani zimeungua kwa chumvi. Mwisho wa mstari majani ni ya njano. Pampu ni moja na mbolea ni ileile, sasa imekuwaje?

Mashine ile kazi yake ni kupima. Vipampu vidogo husukuma mililita kadhaa za mbolea nzito kwa vipindi, basi. Ikiingia kwenye tangi lililotulia, mbolea hiyo huzama na kujilaza chini, maana ni nzito kuliko maji. Ikipigwa ndani ya bomba, husafiri kwa mafungu: maji matupu, mbolea, maji matupu tena. Maji yanayokwenda polepole hupita kwa matabaka yasiyoingiliana. Kinachochanganya ni vurugu, na ndiyo maana fundi mzuri huingiza mbolea kabla ya pampu, au hurudisha sehemu ya maji tangini kwa kasi ili yajizungushe.

Ziwa Tanganyika lenyewe ni tangi la namna hiyo. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na virutubisho vingi vimelala chini kwa sababu maji ya juu, yenye joto, ni mepesi na hayashuki. Upepo wa kusini wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu na kuyapandisha ya chini, hasa upande wa kusini wa ziwa. Mwani hushiba, na dagaa hupata cha kula.

Lakini kuna mahali ambapo hata ukoroge mpaka mkono uchoke, hupati kitu. Kalsiamu ikikutana na salfeti, zote zikiwa nyingi ndani ya maji machache, huzaa jasi, na lita moja ya maji huyeyusha gramu 2.5 tu hivi za jasi. Fosfeti nayo hugandana na kalsiamu. Jaribu kwenye chupa angavu: maji hugeuka meupe, kisha unga hutua chini. Unga huohuo ndio unaoziba vitundu vya dripu, mipira inayodondoshea mimea maji. Kwa hiyo kalsiamu hukaa tangi A, salfeti na fosfeti tangi B, na hukutana kwenye maji mengi tu. Weka A, acha izunguke, ndipo uweke B.

Anayevuta maji ya ziwani ana kazi ya ziada. pH yake (kipimo cha uasidi; ikizidi 7 maji si ya asidi) inakaribia 9, na yana magnesiamu na bikaboneti tayari, hivyo kipima EC, kinachokadiria chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kitasoma kitu hata kabla hujaweka mbolea. Hapo asidi hutangulia (asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume chake) mpaka pH ishuke kati ya 5.5 na 6.5.

Kipima chenyewe nacho hudanganyika. Kikisoma kabla mbolea haijaenea, mashine huona pungufu na kuongeza, halafu dakika chache baadaye kipimo kimepita kiasi. Programu yake ipewe muda wa kusubiri baada ya kila dozi. Kisha kinga vikombe viwili, kimoja dripu ya kwanza na kingine ya mwisho, upime EC ya vyote viwili. Vikitofautiana sana, usiguse kipimo cha mbolea. Ongeza muda wa kuzungusha tangi.