Kusawazisha mzigo: jinsi mizunguko ya kitanzi inavyogawiwa nyuzi

Kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwa, kila marudio yakiwa mzunguko mmoja, kikiendeshwa sambamba humalizika pale uzi wa mwisho unapomaliza. Uzi hapa ni mkondo mmoja wa maagizo, na kwa kawaida kila uzi hupewa kiini chake cha prosesa. Kusawazisha mzigo ni kugawa kazi ili nyuzi zote zimalize karibu wakati mmoja. Kinachosawazishwa ni muda, si idadi ya mizunguko, na hapo ndipo wengi huteleza.

Chukua kitanzi cha mizunguko 1,000 kinachojaza nusu ya chini ya matriki: mzunguko wa 1 una hesabu 1, wa 2 una 2, hadi wa 1,000 wenye 1,000. Jumla ni 500,500. Zipe nyuzi 4 mizunguko 250 mfululizo kila moja, na mgawo utaonekana wa haki kabisa. Kumbe uzi wa kwanza una hesabu 31,375 na wa nne 218,875, karibu mara saba. Nyuzi tatu zitakaa mwisho wa kitanzi zikiusubiri huo mmoja, na kasi itapanda mara 2.3 tu badala ya 4.

Katika OpenMP, mfumo wa maagizo ya kuendesha programu kwa nyuzi nyingi, huo ndio mgawo wa `schedule(static)`. Ukiandika `schedule(static,1)`, mizunguko inagawiwa kwa zamu kama karata: uzi wa kwanza unapata wa 1, wa 5, wa 9 na kuendelea. Sasa mwenye kazi ndogo ana 124,750 na mwenye kubwa 125,500. Tarakimu moja tu, na kitanzi kimepona.

Ila angalia matokeo yanaandikwa wapi. Mstari wa kache, yaani kipande cha kumbukumbu ya haraka ya prosesa kinachohamishwa kwa mkupuo, katika prosesa nyingi ni baiti 64, yaani namba 8 za baiti 8. Nyuzi zikiandika namba zinazopakana, mstari huohuo unanyang'anywa kutoka kiini hiki hadi kile kila mara. Fungu, yaani mizunguko mfululizo inayogawiwa kwa pamoja, likiwa la 8 au 16, kama `schedule(static,8)`, hupunguza sana tatizo hilo.

Gharama ya mizunguko isipojulikana mapema, tumia `dynamic`: uzi uliomaliza unachukua fungu jingine. Usipotaja ukubwa, fungu ni mzunguko 1, na kila uchukuaji unagusa kaunta moja ya pamoja. Mzunguko ukiwa mfupi mno, kaunta inakula muda kuliko kazi yenyewe. Dalili yake ni programu kuzidi kupungua kasi unapoongeza nyuzi. Kuza fungu, lakini mafungu yabaki mengi kuliko nyuzi.

`guided` huanza na mafungu makubwa na kuyapunguza kadiri kazi inavyokwisha. Watu huiamini kupita kiasi. Kitanzi chetu kikianzia 1,000 kurudi 1, na fungu la kwanza likawa robo ya mizunguko, uzi mmoja unabeba tena zile hesabu 218,875. Mizunguko mizito iache mwishoni.

Kujaribu hakuhitaji kukompaili upya kila mara: weka `schedule(runtime)`, kisha kabla ya kuendesha programu badilisha kigeu cha mazingira `OMP_SCHEDULE`, kwa mfano `"dynamic,16"`. Pima muda wa kila uzi kwa `omp_get_wtime()`, na kitanzi kiwe na `nowait`, inayoondoa kusubiriana mwisho wa kitanzi. Bila hiyo nyuzi zote husubiriana kabla ya kusoma saa, zikatoa muda unaokaribia kulingana hata kama mmoja ndiye aliyefanya karibu kazi yote.