Nani Mwenye Mamlaka Juu ya Mkanda Wako Mweusi?

Wanafunzi wanaokaribia mtihani wa dani (ngazi za mkanda mweusi) huniuliza, "Sensei, cheti changu kitatambuliwa na shirikisho la dunia?" Kabla sijajibu, huwa natenganisha vitu viwili: anayesimamia mashindano, na anayetunza mafundisho na kutoa vyeo. Katika sanaa za mapigano za Kijapani, hao wawili aghalabu si mmoja.

Judo inalionyesha jambo hili waziwazi. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, na hadi leo Kodokan inatoa dani zake. Shirikisho la Kimataifa la Judo, IJF, lilizaliwa 1951, na ndilo linalotunga kanuni za ubingwa wa dunia. Mwaka 2010 IJF ilianza kuzuia kushambulia miguu ya mpinzani kwa mikono. 2013 katazo likakazwa zaidi, na mbinu kama morote-gari (kumwangusha mpinzani kwa kushika miguu yake miwili) ikawa ya kuadhibiwa. Kodokan haikuifuta mbinu hiyo katika orodha yake, na kata-guruma (kumtupa mpinzani kutoka mabegani huku ukimshika mguu) ingali ndani ya Nage-no-kata, mfululizo rasmi wa mbinu za kutupa. Huniuma kukutana na vijana wenye mkanda mweusi ambao hawajawahi kufundishwa kujihami dhidi ya mtu anayevamia miguu. Kanuni zimepunguza kinachoshindaniwa. Hazikumpa mwalimu ruhusa ya kupunguza anachofundisha.

Kendo, sanaa ya upanga, ilishika njia yake. Shirikisho lake la kimataifa, lililoundwa 1970, linasimamia pia iaido (kuchomoa upanga) na jodo (kupigana kwa fimbo), na mchezo wenyewe haumo katika Olimpiki. Pointi ya kendo haipatikani kwa kugusa tu. Waamuzi hutazama kama ari, upanga na mwili vimekwenda pamoja, na kama mshindani amebaki macho baada ya pigo. Akishangilia, pointi inaweza kufutwa. Nafurahi sana kwamba sheria hiyo imedumu.

Aikido ya Aikikai, shirika la Kijapani la sanaa hiyo, haina mashindano kabisa, kwa hiyo Shirikisho la Kimataifa la Aikido, la mwaka 1976, halina bingwa wa kumtangaza. Dani hutoka makao makuu ya Aikikai, Tokyo.

Kwenye karate ndiko watu wanakopotezwa zaidi. Shirikisho la Karate Duniani, WKF, linatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na karate ilichezwa Tokyo mwaka 2021 kabla ya kuachwa Paris 2024. Lakini utambuzi huo ni wa mashindano. Haumfanyi mwalimu wa Okinawa asiye na uhusiano na WKF kuwa bandia. Kyokushin, mtindo wa karate ulioanzishwa na Oyama Masutatsu, uligawanyika katika mashirika kadhaa baada ya kifo chake mwaka 1994, na kila moja linatoa vyeti vyake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya mtihani, uliza: sahihi iliyo kwenye cheti ni ya shirikisho la taifa, ya makao makuu ya mtindo, au ya mwenye dojo (ukumbi wa mazoezi) peke yake? Zote zinaweza kuwa halali, hata ya mwisho, ikiwa mwalimu anakueleza wazi alijifunza kwa nani na nani alimpa cheo chake.