Pombe Kampasini: Tunayoambiana Bwenini na Yaliyo Kweli

Kanuni za pombe chuoni zimo kwenye kitabu cha mwongozo ambacho wengi hutia saini bila kukifungua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzijua kanuni hizo kwa mdomo, akiambiwa na waliomtangulia, usiku, bwenini. Anachopokea ni nusu ukweli, nusu uvumi. Uvumi mwingine humfikisha mtu kwenye kamati ya nidhamu, na mwingine unaua. Huo unaoua ndio nitakaokaa nao zaidi.

"Nimetimiza umri, chuo hakina la kunizuia."

Umri wa kisheria ni ruhusa ya serikali, si ya mwenye nyumba. Ujerumani kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kununua bia na mvinyo, na pombe kali akifika 18. Marekani mpaka ni miaka 21: sheria ya mwaka 1984 ilitishia kuyapunguzia fedha za barabara kuu majimbo yatakayokaidi, na kufikia 1988 yote yalikuwa yametii. Popote ulipo, sheria ya nchi inasema tu ni nani asiyeruhusiwa kabisa. Chuo chenye majengo yake kinaweza kuongeza masharti juu ya hapo: kikapiga marufuku pombe eneo lote, au kikairuhusu kwenye ukumbi mmoja kwa kibali.

Chumba cha bweni nacho hakikwepi. Umekipata kwa mkataba, na masharti ya pombe na wageni yamo ndani yake. Vyuo vingi havihitaji kukupeleka mahakamani ili kukutoa. Kuvunja mkataba kunatosha. Mara nyingi pia aliyewakaribisha wenzake chumbani ndiye anayejibu kwanza, hata kama chupa ilikuja na mgeni.

"Sisi hatuuzi, tunachangishana tu."

Vikundi vingi vya wanafunzi hunaswa hapa wakiwa na nia njema kabisa. Hakuna kaunta wala bei ukutani. Kuna kiingilio mlangoni, na aliyelipa anapewa kikombe. Sheria nyingi za leseni huhesabu hilo kuwa mauzo, kwa sababu pesa imetangulia na pombe imefuata. Tiketi inayojumuisha vinywaji ni mauzo. Kuponi ni mauzo. Kama hamna leseni wala kibali, kubadilisha jina la malipo hakuwasaidii. Waulizeni ofisi ya wanafunzi mapema, kwa maandishi, na muulize pia nani atasimama mlangoni kukagua vitambulisho.

"Kazi ya mhudumu ni kumimina, mnywaji ajijue."

Katika kanuni zote za pombe, ile inayomtaka mhudumu amkatalie aliyelewa ndiyo ninayoiona kuwa na busara kuliko nyingine, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mnywaji aliyelewa ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba amelewa, maana pombe huanza kupunguza uamuzi kabla ya kuyumbisha miguu. Kwa hiyo kanuni humpa jukumu yule ambaye akili yake bado iko sawa. Mhudumu anapaswa kumkatalia aliyelewa waziwazi, na nchi nyingi zimeliandika hilo katika sheria zao za leseni. Ndiyo maana pia mhudumu haruhusiwi kunywa akiwa kazini, na wageni hawaachiwi kujimiminia.

Masharti mengine yanayoonekana ya kuudhi yana sababu hiyo hiyo. Chakula kinatakiwa kiwepo kwa sababu tumbo lililoshiba huchelewesha pombe kuingia kwenye damu. Maji na soda vinatakiwa viwekwe mahali pa kuonekana ili asiyekunywa asilazimike kujieleza. Michezo ya kushindana kunywa hukatazwa kwa kuwa inamwondolea mtu nafasi ya kusikia mwili wake. Na huduma hufungwa kabla sherehe haijaisha, ili watu wasitoke mlangoni na vikombe vitatu vya haraka tumboni.

"Bia haina neno, shida ni pombe kali."

Mililita 350 za bia ya asilimia 5, mililita 150 za mvinyo wa asilimia 12 na mililita 45 za pombe kali ya asilimia 40 zote zina takriban gramu 14 za kilevi. Ini halijui kilitoka kwenye chupa gani. Tatizo la pombe kali ni kwamba hizo mililita 45 hazijazi hata robo ya kikombe cha kawaida, na anayejimiminia bila kipimo hujipa mara mbili au tatu bila kujua. Beseni la mchanganyiko ni baya zaidi: anayechota hajui nguvu yake, na sukari humficha ladha.

Wala si kweli kwamba marafiki wakinywa sawa wanalewa sawa. Mwanamke na mwanamume wenye uzito uleule wakinywa kiasi kilekile, kwa kawaida kiwango kwenye damu ya mwanamke hupanda zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji machache ya kuichanganya pombe hiyo. Anayehimizwa "asibaki nyuma" anaweza kuwa ndiye aliye mbele kuliko wote.

"Mwache alale, itamtoka."

Hapa nakuomba usome polepole.

Pombe hutoka mwilini kwa mwendo wake: kiwango hushuka kwa takriban miligramu 15 hadi 20 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Kahawa haiongezi mwendo huo. Maji baridi hayauongezi, na kwa aliyelewa sana yanaweza kumshusha joto au kumwangusha bafuni. Chukua mtu aliye na miligramu 200 saa nane usiku. Kwa mwendo wa 15 kwa saa, saa mbili asubuhi atakuwa bado na takriban 110, juu ya kikomo cha 80 ambacho nchi kadhaa huwawekea madereva. Ataamka, atavaa, atajiona mzima, na bado hafai kushika usukani.

Lakini huyo ameamka. Ninayemhofia ni aliyekunywa vikombe vya mwisho kwa haraka kisha akalazwa. Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu akiwa usingizini, hivyo kiwango kinaweza kupanda baada ya kikombe cha mwisho. Kikipanda vya kutosha, sehemu za ubongo zinazoendesha pumzi hulegea, na ile kinga ya koo inayomfanya mtu akohoe anapopaliwa hupotea. Akitapika akiwa chali, matapishi huingia kwenye njia ya hewa. Anakoroma, wenzake wanasikia, wanasema amelala vizuri, wanafunga mlango.

Dalili za hatari ni hizi: haamki hata ukimtikisa na kumwita kwa sauti, ngozi imepauka au midomo imekuwa ya bluu, mwili ni baridi, anatapika bila kuzinduka, ana degedege, anapumua chini ya mara nane kwa dakika, au kati ya pumzi na pumzi zinapita sekunde kumi au zaidi. Usingoje zikamilike zote. Moja inatosha kuita msaada.

"Ukiita msaada, mtafukuzwa wote."

Hofu hii ndiyo inayofunga ule mlango. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianzisha mwaka 2002 utaratibu wa kutowaadhibu kinidhamu wanaoita msaada kwa aliyezidiwa na pombe, na simu za kuomba msaada ziliongezeka. Vyuo vingi vimeweka utaratibu wa namna hiyo tangu hapo. Soma wa chuo chako leo, ukiwa timamu, uone unamlinda nani na kwa masharti gani. Na kama chuo chako hakina, serikali ya wanafunzi ina ajenda nzito ya kuipeleka mezani.

Jambo jingine ambalo halina mjadala: mtu aliyelewa hadi hajielewi hawezi kutoa ridhaa ya tendo la ndoa. Kutokataa si kukubali. Kwamba na mwenzake alikuwa amekunywa si utetezi.

Sasa, ukimkuta mwenzako hazinduki na bado anapumua, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asibiringike, kichwa kirudishwe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini. Usimpe chochote cha kunywa wala dawa. Usimtapishe. Piga namba ya dharura, taja jina la bweni, ghorofa na namba ya chumba, useme ukweli kuhusu alichokunywa na kama alichanganya na kitu kingine. Mmoja abaki akihesabu pumzi zake, mwingine ashuke getini awangojee wahudumu wa afya na kuwaonyesha njia.