Je, Wajua Kwa Nini Mtu Mzima Anayejifunza Kuteleza Barafuni Huhitaji Buti Gumu Kuliko la Mtoto Anayemshinda?

Mwaka jana, katika marundo ya viatu vya mitumba yanayomwagwa juu ya turubai sokoni Mtwara mjini, nilikutana na jozi ya mabuti ambayo muuzaji mwenyewe hakujua aiite nini. Yalikuwa meupe, ya ngozi, marefu kupita jicho la mguu, visigino vimeinuka kama vya viatu vya arusi, na kuta zake ngumu kiasi kwamba ukizigonga kwa kucha zinalia kama ubao. Chini ya soli palikuwa na matundu ya skrubu yaliyoachwa wazi. “Chukua, mwanangu, haya hayaishi leo wala kesho,” aliniambia yule mama, akiamini kuwa ni mabuti ya askari wa nchi za baridi. Niliyapiga picha nikamtumia mdogo wangu wa kike anayefanya kazi Dubai, ambaye akiwa na miaka 41 na kilo 80 za mwili ameanza kujifunza kuteleza kwenye uwanja wa barafu uliomo ndani ya Dubai Mall. Alinijibu kwa swali: “Kaka, viatu vya namna hiyo ndivyo ninavyovitafuta. Lakini mbona mwalimu anataka ninunue vigumu kuliko vya watoto wanaoruka kunizidi?” Siku ile sikuwa na jibu.

Jibu linaanzia chini, kwenye chuma. Buti la mchezo huu husimama juu ya bapa la chuma lenye unene wa takribani milimita 4, na hata hizo milimita 4 hazigusi barafu zote kwa pamoja, kwa sababu upande wa chini wa bapa hunolewa kwa jiwe la mviringo mpaka likapata mfereji katikati na kingo mbili pembeni, yaani makali ya ndani na makali ya nje. Tena bapa lenyewe halikunyooka kutoka mbele hadi nyuma; limepinda kidogo, kama kipande kilichokatwa kwenye duara kubwa lenye nusu kipenyo cha mita 2 na ushei, kwa hiyo sehemu inayogusa barafu kwa wakati mmoja ni fupi mno. Anayeteleza hasimami wima juu ya chuma hicho. Huegemea, mara huku mara kule, akibebwa na ukingo mmoja, na mstari anaouchora barafuni hupinda kuelekea upande alioegemea.

Wenyeji wa huku kwetu hawahitaji kufika Dubai ili kuielewa shida hiyo, kwa kuwa wamewaona wacheza ngongoti wa ngoma za Kimakonde wakitembea juu ya magongo marefu huku watoto wakiwakimbia. Gongo hukazwa kwenye mguu kwa mizunguko mingi mpaka mti na muundi viwe kitu kimoja. Kamba ikilegea, mti hubaki ulipo na mguu huenda kwingine, na hapo kiungo huteguka. Bapa la barafuni ni gongo fupi lenye makali, na buti ndiyo kamba yake. Hata historia inakubaliana na mfano huo, kwa maana zamani chuma kilifungwa kwa mikanda chini ya viatu vya kawaida, mpaka katika miaka ya 1860 Mmarekani Jackson Haines, mcheza dansi, akawa miongoni mwa wa kwanza kuteleza na chuma kilichokazwa kwa skrubu kwenye buti lenyewe.

Hata hivyo, buti zuri si gumu kila upande. Kifundo cha mguu kina miendo miwili inayotuhusu hapa: goti kusogea mbele juu ya vidole, na mguu kulala kando, ndani au nje. Mwendo wa kwanza lazima uachiwe, kwa sababu kukunja goti ndiko kunakomsukuma mtu, ndiko kunakomrusha, na ndiko kunakomeza kishindo anapotua. Mwendo wa pili lazima uzuiwe, kwa sababu kifundo kikilala kando hata kidogo, ukingo unaobeba mwili hubadilika bila mwenyewe kukusudia. Ndiyo maana kuta za pembeni hujengwa kwa tabaka za ngozi, au siku hizi plastiki na nyuzi za kaboni, ilhali ulimi wa mbele hutengenezwa ukubali kupinda. Miruko yote sita inayotambuliwa katika mashindano hutuliwa kinyumenyume, kwa mguu mmoja, juu ya makali ya nje. Mtu anaporudi chini namna hiyo hana muda wa kurekebisha kifundo kilicholegea.

Ugumu tunaouona leo, hata hivyo, haukuwapo tangu mwanzo. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mashindano ilikuwa kuchora maumbo ya duara barafuni kwa utulivu, jambo lililoondolewa katika mashindano ya kimataifa baada ya mwaka 1990, na kazi hiyo haikuhitaji ukuta wa ubao. Miruko ndiyo iliyobadilisha mambo. Axel, mruko uliopewa jina la Mnorwe Axel Paulsen aliyeuonyesha mwaka 1882, ulikuwa wa mzunguko mmoja na nusu. Mmarekani Dick Button akaufanya wa miwili na nusu mwaka 1948, na mwaka 1952 akatua mruko wa kwanza wa mizunguko mitatu katika mashindano. Mkanada Kurt Browning alifikisha minne mwaka 1988, na mwaka 2022 Ilia Malinin wa Marekani akatua Axel ya minne na nusu. Mabuti yamekuwa yakikazwa kuifuata mizunguko hiyo. Nimeitaja kwa sababu mtu mzima akiingia dukani huonyeshwa kwanza buti la mabingwa, naye hushawishika kuwa gumu zaidi ndilo bora zaidi, wakati buti hilo lilibuniwa kwa ajili ya mizunguko ambayo yeye hatairuka kamwe.

Basi mwalimu wa mdogo wangu alikuwa na maana gani? Alikuwa anahesabu kilo. Vipimo vya kitaalamu vimeonyesha kuwa nguvu ya kutua baada ya mruko mkubwa huweza kufikia mara 5 ya uzito wa mwili, au zaidi. Tuseme mruko mdogo wa mwanafunzi unaleta mara 3 tu: mtoto wa kilo 25 hulibebesha buti kilo 75, na mdogo wangu hulibebesha kilo 240 kwa mruko uleule. Ukuta unaomtosha mtoto akiwa anaruka mizunguko miwili utajikunja kwa mtu mzima anayejifunza nusu mzunguko, na usipojikunja leo, utakuwa umekatika mkunjo baada ya miezi michache. Kwa hiyo kipimo cha ugumu kwa mtu mzima ni uzito wake ukiunganishwa na kile anachokifanya sasa, pamoja na kile anachotarajia kukifanya katika mwaka mmoja au miwili ijayo.

Kuna mpaka, na wengi huuvuka. Kadiri umri unavyokwenda, kifundo hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kukunjika kwenda mbele, hasa kwa mtu aliyewahi kuteguka. Ukimfunga mtu huyo katika buti la bingwa, goti halisogei. Naye hulazimika kuinama kwa kiuno ili apate mizani, uzito unarudi kisigino, na kamba zinaminya kano za mbele ya kifundo mpaka zivimbe. Namfikiria mtu aliyetiwa plasta ya hospitali halafu akaambiwa acheze sindimba. Viwanda vingi huandika namba ya ugumu kwa kila aina ya buti, lakini hakuna mizani moja inayoviunganisha, kwa hiyo 70 ya kiwanda hiki haimaanishi 70 ya kile.

Lakini ugumu, kwa maoni yangu, hupewa heshima kubwa kuliko inavyostahili, ilhali jambo linaloamua ni kukaa kwa mguu ndani ya buti. Watu wazima wengi wanaokodisha viatu uwanjani huona vifundo vyao vikilala kwa ndani, wakajitangazia kuwa wana vifundo dhaifu. Mara nyingi mguu hauna kosa. Buti ni pana na refu kupita kiasi, na ukuta mgumu usiogusa mguu haushiki chochote. Kisigino kikipata nafasi ya kunyanyuka ndani, hata ubao wa mpingo hautasaidia.

Kwa hiyo kipimo huchukuliwa kwa milimita, wala si kwa namba ya kiatu cha mtaani, ambayo kwa kawaida huwa kubwa kuliko ile ya buti la barafuni. Simama juu ya karatasi kwa miguu yote miwili, jioni ambapo mguu umeshavimba kwa shughuli za mchana, kisha mtu mwingine achore, kwa sababu ukijiinamia mwenyewe mguu hubadilika umbo. Pima urefu, pima upana wa mbele, pima miguu yote miwili. Unapojaribu, vaa soksi nyembamba. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, na ukikunja goti vijivute nyuma. Kisigino kibaki chini hata ukijitahidi kukinyanyua. Ukitoa soli ya ndani na kusimama juu yake, mguu usimwagike pembeni.

Hapo ndipo sisi wa pwani, tuliokua peku na kandambili, tunapopata taabu ya pekee, kwani wengi wetu mguu umetanuka mbele na kubaki mwembamba nyuma. Buti linalofaa vidole hukiacha kisigino kikiogelea. Dawa yake si kupandisha namba bali kutafuta kalibu nyingine, yaani umbo la mguu ambalo buti hushonewa juu yake, kwa kuwa kampuni za mabuti kama Jackson ya Kanada, Riedell ya Marekani, Edea na Risport za Italia na Graf ya Uswisi hazichongi kalibu zinazofanana, na baadhi hutoa upana tofauti kwa urefu uleule. Kinachobaki hurekebishwa na fundi. Mabuti mengi ya kisasa hupashwa kwa dakika chache katika tanuri maalumu yenye joto la nyuzi 80 hivi, kisha mtu huyavaa na kuketi nayo mpaka yapoe yakiwa yameshika umbo la mguu. Na mahali penye nundu ya mfupa, kama pembeni mwa kidole gumba, fundi huweza kupasukuma nje kwa kifaa chake.

Kufunga kamba nako ni sehemu ya kiatu. Vidoleni ziache zilegee, pale mguu unapokunjikia ukaze kwa nguvu zote, na kwenye kulabu za juu uache nafasi ya kupitisha kidole.

Nilimwandikia mdogo wangu haya yote, naye akaniuliza kama ile jozi ya sokoni ingemfaa. Nilirudi kuikagua. Buti lililochoka hujulikana kwa mikunjo mirefu usawa wa kifundo, na kwa kuta za juu ambazo ukizibana kwa viganja hukutana bila ubishi. Chini, ambako bado paligongeka kama ubao, palikuwa pazima. Juu, kuta zilikutana kama kurasa za daftari. Kwa kazi ya barafuni yalikuwa yamekwisha. Mwisho wa mwezi niliyaona stendi miguuni mwa kijana wa bodaboda: yamepakwa dawa nyeusi, visigino vimekatwa, na fundi ameyatia soli ya tairi juu ya yale matundu ya skrubu.